Umri wa Ng'ombe wa Maziwa katika Nchi za Ziwa Tanganyika

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kigoma)



Katika mkutano uliopita aliinuka mzee wetu mmoja, mtumishi mstaafu, akauliza swali ambalo halikupata jibu. Alisema, "Ng'ombe wangu wa kwanza alizaa mara mbili akafa. Wa pili alizaa mara moja akafa. Jirani yangu ana ng'ombe mbaya wa sura, mwenye nundu, naye azaa na kuzaa tangu watoto wangu walipokuwa shule ya msingi. Je, mimi nimekosa nini?" Baadhi yetu tulicheka. Yeye hakucheka, maana karibu kiinua mgongo chake chote kilikwisha katika ng'ombe wale wawili. Ndipo mkutano ukatuamuru sisi watatu tulitafute jibu, tuje tulisome mbele yenu leo.

Twaomba mjue kwanza ya kuwa sisi si mabwana wa mifugo. Mmoja wetu ni karani, wa pili mwalimu, wa tatu tabibu. Tumewauliza wafugaji wa Mwanga, Gungu, Ujiji na Kalinzi, tumeongea na bwana mifugo, na tumesoma maandiko tuliyoyapata. Mahali tulipohitilafiana sisi kwa sisi tutasema wazi.

Twaanza na hesabu. Mtamba aliyelelewa vema huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa miezi 30 hivi. Aliyelelewa vibaya hungoja hata miaka minne. Muda huo wote hula wala halipi kitu. Akiisha kuzaa, maziwa ya uzao wa kwanza huwa machache kuliko ya uzao wa tatu na wa nne, kwa kuwa mwili wake bado wakua na kiwele chake hakijakomaa. Basi ng'ombe afaye baada ya uzao wa pili amekufa mlangoni pa faida: gharama zote za kumkuza zimekwisha kulipwa, na mavuno yaliyo bora hayajaja.

Tena iko hesabu ya pili, nayo ni kali kuliko ya kwanza. Tuseme katika ndama wanane wanne ni majike, na katika hao wanne mmoja afa kabla hajakua. Basi kila ndama wanane hutupatia mitamba watatu. Ikiwa ng'ombe wetu huzaa mara mbili tu na kufa, ng'ombe wanne watatoa ndama wanane, yaani mitamba watatu wa kushika mahali pa mama wanne. Zizi hilo lapungua, na mwenyewe hana budi kununua siku zote. Wakizaa mara tatu, ng'ombe wanane watatoa mitamba tisa, zizi lasimama. Wakizaa mara sita, ng'ombe hao wanane watatoa mitamba 18, hapo mwenyewe ataweza kuuza, kukopesha, na kuchagua walio wema. Kwa hiyo umri wa ng'ombe si jambo la huruma peke yake. Asiyekuwa na ng'ombe wa umri hana cha kuchagua, na asiyechagua hawezi kuitengeneza mbegu yake.

Je, ng'ombe aweza kuishi miaka mingapi? Kwa maumbile yake aweza kufika miaka 20, na wachache wamepita sana. Huko Ireland alikuwako ng'ombe aliyeitwa Big Bertha, aliyezaliwa mwaka 1945 akafa siku ya mwisho ya mwaka 1993, bado kidogo atimize miaka 49. Naye alizaa ndama 39. Huyo ni ajabu, wala hatumtaji ili mumtazamie mwenziwe Ujiji. Katika mashamba makubwa ya Marekani ng'ombe wa jamii ya Holstein aghalabu huondoka zizini kabla hajamaliza uzao wa nne, umri wake kama miaka mitano au sita. Lakini lazima tutenge mambo mawili. Kule mwenye shamba mara nyingi humwondoa ng'ombe kwa hiari yake, kwa sababu nyuma yake yuko mtamba mwingine angojea nafasi. Huku kwetu hakuna angojeaye. Ng'ombe wetu huondoka kwa kufa, kwa ugonjwa usioponyeka, kwa utasa, au kwa shida ya mwenyewe. Mtu akitusomea vitabu vya ng'ambo na asitambue tofauti hiyo atatupoteza.

Sasa twatazama nchi yetu yenyewe. Watu wa pwani ya ziwa tangu zamani hawakuwa wafugaji wa ng'ombe wengi. Walikuwa wavuvi, wenye michikichi, wenye mbuzi na wafanyaji biashara. Sababu yake si uvivu, ni mbung'o. Misitu ya miyombo inayozunguka nchi hii, kuelekea Uvinza na Malagarasi, imejaa mbung'o waletao nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Katika miaka ya 1930 Serikali iliwahamisha watu wengi wa Uha ikawakusanya mahali pamoja kwa ajili ya malale hayo. Ng'ombe wengi walikuwa juu, katika nyanda za Heru, Buhigwe na Kibondo, mahali palipo na baridi na majani mafupi. Huko walikuwa ng'ombe wa pembe ndefu, ndugu zao ng'ombe wa Ankole, pamoja na wale wadogo wenye nundu.

Wazee wa Uha walikuwa na desturi iliyoitwa bugabire, nayo ni hii: mwenye ng'ombe wengi humpa mtu ng'ombe amtunze, na yule mtu humtumikia na kumheshimu. Wengi wameieleza desturi hiyo kwa upande wa utawala, na kweli ilikuwa kamba ya utawala. Lakini ilikuwa na tendo lingine. Ng'ombe wa mtu mmoja walitawanyika katika vijiji vingi, hata ugonjwa ulipoingia katika kijiji kimoja haukuwamaliza wote. Na waliobaki ndio waliozaa. Karne kwa karne nchi yenyewe ilikuwa mchaguzi. Sotoka ilipoingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890 ilifagia sehemu kubwa sana ya ng'ombe wote. Ugonjwa huo umetoweka kabisa duniani, na mwaka 2011 mataifa yalitangaza mwisho wake; ila ng'ombe tulio nao leo ni wajukuu wa wale walioponea.

Ndiyo maana ng'ombe wa asili, ijapokuwa maziwa yake ni lita moja au mbili au tatu kwa siku pamoja na kumnyonyesha ndama, hufika uzao wa nane na wa kumi bila kelele. Hapewi dawa nyingi wala hakatiwi majani. Ng'ombe haelemewi na nunduye, wasema watu, na ng'ombe huyu hakuelemewa na nchi yake.

Hapo tumefika kwenye nasaba. Wataalamu wa elimu ya urithi wamepima sana jambo hili, nao waona ya kuwa katika tofauti za umri baina ya ng'ombe wa jamii moja, sehemu itokayo katika damu ni ndogo, yapata moja ya kumi. Sehemu tisa zilizobaki ni malezi, chakula, magonjwa na bahati. Mwalimu wetu aliposoma hayo alisema, "Basi tusijisumbue na nasaba, tutengeneze banda." Karani alipinga, na baada ya kujadiliana tulimkubali karani kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni hii: ile moja ya kumi ni ndani ya jamii moja. Baina ya jamii na jamii tofauti ni kubwa sana. Ng'ombe wa Friesian alitengenezwa katika nchi za baridi zenye majani mabichi, akachaguliwa vizazi vingi kwa wingi wa maziwa. Mlete Ujiji, na ngozi yake, pumzi yake na kinga yake vyote ni vigeni. Ya pili, dume mmoja huwa na mabinti wengi. Kheri ndogo katika damu yake, au shari ndogo, huenea.

Yuko mfano mkubwa wa shari hiyo. Huko Marekani mwaka 1962 alizaliwa fahali aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyesifiwa mno kwa maziwa ya mabinti zake. Mbegu yake ilienezwa duniani kwa uhimilishaji. Katika damu yake mlikuwa na kasoro moja ya jeni iliyofichika: mimba iliyoirithi kwa baba na kwa mama pia hufa tumboni. Kasoro hiyo ilikuja kugunduliwa karibu miaka 50 baadaye, na wataalamu walipofanya hesabu waliona ya kuwa mimba zaidi ya nusu milioni zilipotea duniani kwa sababu yake. Mfugaji aliona ng'ombe wake hashiki mimba, akamwita tasa, akamwuza kwa mchinjaji. Kosa halikuwa la ng'ombe yule.

Sisi hatuna haja ya kwenda Marekani kulitafuta jambo hili. Tulipouliza madume katika mitaa yetu, mahali pengine tuliambiwa kwamba dume ni mmoja, na amekuwapo miaka mingi, naye sasa apanda mabinti zake mwenyewe. Ndama azaliwaye na baba na binti huwa na robo nzima ya urithi wake iliyojirudia. Ndama hao hudhoofika, huchelewa kushika mimba, na huishi kidogo. Twawaomba wenye madume wasikasirike kwa neno hili. Dume akiisha kupata mabinti wanaokaribia kupandishwa, na abadilishwe na dume wa mbali, wa Kasulu kwa wa Ujiji, wala haigharimu fedha nyingi.

Je, tutake damu ya Kizungu kiasi gani? Hili ndilo lililokuwa swali gumu kuliko yote. Mwaka 1987 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapisha kazi ya Cunningham na Syrstad, waliokusanya majaribio ya kuchanganya ng'ombe katika nchi nyingi za joto. Waliona ya kuwa kutoka ng'ombe wa asili kufika nusu kwa nusu, mambo yote huendelea vizuri: maziwa huongezeka, mtamba huzaa mapema. Kupita nusu, faida haiongezeki kama watu wanavyodhani. Machotara wa nusu kwa nusu wana kitu ambacho wazazi wao wote wawili hawakuwa nacho, nguvu ya mchanganyiko. Shida ni kwamba nguvu hiyo hupungua machotara wakipandana wao kwa wao, na tena mwenye chotara mwema huona tamaa. Asema, "Nusu ya damu imenipa lita nane, damu yote itanipa kumi na sita." Humpandisha binti kwa Friesian, na mjukuu kwa Friesian, mpaka siku moja ana ng'ombe mzuri wa picha ambaye hawezi kustahimili Oktoba ya Ujiji.

Wazee wetu wa kazi huko Mpwapwa waliliona jambo hili tangu miaka ya 1940. Walichanganya Red Sindhi na Sahiwal, ambao ni ng'ombe wa maziwa wa nchi za joto za Bara Hindi, pamoja na ng'ombe wetu wenye nundu, Boran, na damu kidogo ya Ayrshire, wakapata ng'ombe aitwaye Mpwapwa. Hatoi maziwa ya ajabu, walakini damu yake ya maziwa yatoka katika nchi za jua. Sisi twasikitika kwamba katika mitaa yetu watu wengi tuliowauliza hawajapata hata kulisikia jina lake, hali wote wamesikia jina la Friesian.

Katika nchi nyingine pia uchaguzi umegeuka. Watu wa Norwei walianza katika miaka ya 1970 kuchagua madume kwa afya na uzazi wa mabinti zao, si kwa maziwa peke yake. Na Wamarekani waliingiza hesabu ya umri wa mabinti katika kuwapima madume mwaka 1994. Huko Puerto Rico wako Holstein wenye manyoya mafupi laini, waliyoyarithi kwa jeni moja tu, nao huvumilia joto kuliko wenzao. Na mwaka 2022 wataalamu walitangaza kwamba katika ukoo mmoja wa Boran wameona mahali katika urithi panapohusika na kustahimili ndigana kali. Haya ni mambo mema, ila bado hayajafika gatini Kigoma, nasi leo twasema juu ya ng'ombe aliyefungwa nyuma ya nyumba.

Twaingia katika malezi, na hapa twataka kukaa zaidi kidogo kwenye joto na maji, kwa sababu wengi hawayahesabu kuwa magonjwa.

Uso wa ziwa letu upo mita 770 na kitu juu ya bahari. Mchana wa Kigoma hupanda nyuzi 28 na kupita, na miezi ya Septemba na Oktoba ni mibaya zaidi. Ng'ombe wa Friesian huanza kuona taabu joto likipita nyuzi 25. Tumbo lake kubwa ni kama tanuri: majani yakichachuka ndani hutoa joto, na kadiri atoavyo maziwa mengi ndivyo alavyo zaidi, na kadiri alavyo ndivyo tanuri liwakavyo. Kwa hiyo ng'ombe aliye mwingi wa maziwa ndiye aumiaye kwanza. Hupunguza kula ili apoe. Huhema kinywa wazi. Joto lake la kutaka dume huwa dogo, hupita usiku bila kuonekana, na hata akipandishwa mimba haishiki. Mwenyewe aona tu kwamba amekonda. Ng'ombe huyo huyo angewekwa Kalinzi, mlimani, palipo baridi, angekuwa mwingine. Ndiyo sababu jibu la mtu wa Kalinzi haliwezi kumfaa mtu wa Ujiji, ijapokuwa wako wilaya moja.

Mabanda mengi tuliyoyaona yameezekwa bati, na bati lenyewe li karibu na mgongo wa ng'ombe. Tulisimama chini yake saa nane za mchana tukashindwa sisi, na hatukuwa na manyoya. Makuti ya mchikichi yapo bure, au majani; na asiyeweza kuacha bati alipandishe juu, aache pande wazi, apande mwembe karibu.

Kuhusu maji twasema kwa haya. Ziwa Tanganyika lina karibu moja ya sita ya maji baridi yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia nzima. Katika nyumba moja, na ziwa laonekana toka mlangoni, tulimkuta ng'ombe wa maziwa apewa ndoo moja asubuhi na ndoo moja jioni. Maziwa, katika sehemu mia, sehemu 87 ni maji. Ng'ombe akamwaye huhitaji madebe matatu hata matano kwa siku, na wakati wa joto kuzidi. Tulipouliza kwa nini hapewi, tulijibiwa kwamba mchotaji ni bibi wa nyumba, naye amekwisha choka. Basi hapo hatukuwa na la kumlaumu bibi yule. Mwenye nyumba aliyenunua ng'ombe bila kufikiri nani atachota maji amenunua nusu ya ng'ombe.

Chakula twapita upesi, maana wengi mwajua. Masika mabingobingo ni mengi. Toka Juni hata mvua za Novemba ni makavu kama fagio, nacho ndicho kipindi kinachowaua. Asiyekata na kukausha majani mwezi wa Aprili atanunua kwa machozi mwezi wa Septemba. Mashudu ya mise, yabakiayo baada ya kukamuliwa mafuta ya kokwa za mchikichi, ni chakula chema kwa ng'ombe, na nchi yetu ndiyo yenye michikichi. Mtu wa Kigoma kuyaacha yakatupwa kisha aagize mashudu ya pamba kutoka mbali ni jambo la kushangaza. Juu ya dagaa tulihitilafiana. Tabibu alisema vumbi la dagaa lina nguvu na mifupa yake yafaa kwa maziwa. Mwalimu alisema ng'ombe ni mlaji wa majani, akakumbusha ya kuwa Uingereza mwaka 1988 ilikataza kuwalisha wanyama wacheuao mabaki ya wenzao baada ya wazimu wa ng'ombe. Tabibu akajibu kwamba samaki si ng'ombe. Hatukupatana, isipokuwa kwa neno moja: dagaa walioanikwa mchangani huwa na mchanga, na mchanga si chakula cha mnyama ye yote.

Kupe. Hapa hapana hitilafu. Ndigana kali huletwa na kupe wa masikioni, wa rangi ya kahawia, naye humwua ng'ombe mgeni katika majuma machache. Mtoki huvimba chini ya sikio, homa hupanda, mapafu hujaa maji. Ndama wa asili huumwa na kupe akingali mdogo. Ama hufa, ama huponea akapata kinga. Ng'ombe mkubwa atokaye mahali pasipo kupe hana kinga hata kidogo, na mara nyingi ndiye tumnunuaye kwa fedha nyingi. Ng'ombe wa kwanza wa mzee wetu, kwa dalili alizotueleza, alikufa hivyo: alitoka nyanda za juu za baridi, akasafiri siku nyingi, akafungwa mahali ambapo kila jioni mbuzi wa jirani walipita. Iko chanjo, iliyotengenezwa Muguga katika Kenya miaka ya 1970, ambayo ng'ombe huambukizwa wadudu wa ugonjwa wenyewe na papo hapo hupigwa sindano ya dawa inayowazuia. Baada yake hubaki na kinga miaka mingi. Ulizeni kwa bwana mifugo kabla ya kununua, msiulize baada ya kuzika. Na kuogesha kusiachwe, maana ndigana baridi na maji moyo hayazuiwi na chanjo hiyo.

Kiwele na kwato twavitaja pamoja. Sakafu ya matope na mavi huozesha kwato na kupeleka uchafu kwenye chuchu. Ng'ombe wengi wenye afya ya moyo na mapafu huondolewa kwa kiwele kilichokufa robo mbili. Mkamuaji anawe mikono, amalize maziwa yote, na mwenye ugonjwa akamuliwe mwisho.

Sasa malezi ya ndama, ambayo sisi twaona ndiyo mwanzo wa umri. Ndama huzaliwa bila kinga, hakuipata tumboni. Kinga yake imo katika dang'a, na tumbo lake huipokea kwa saa chache tu. Asipokunywa dang'a mapema, katika saa sita za kwanza, hasara hiyo hailipwi tena. Tumeambiwa katika nyumba mbili kwamba dang'a humwagwa kwa kuwa ni chafu. Wengine huipika wakaila. Kisha ndama wa kike hukamuliwa maziwa yake yote yauzwe, hukua na tumbo kubwa na miguu myembamba, huzaa akiwa na miaka minne, hupata taabu katika kuzaa, na akifa kwa uzao wa pili husemwa kwamba mbegu yake ni mbaya.

Tumebakiza sababu moja ambayo vitabu vya ng'ambo havikuitaja. Mzee mmoja wa Gungu alituambia kwa mzaha kwamba mwezi wa Januari huua ng'ombe wengi kuliko kupe. Alimaanisha karo na sare za shule. Tulipohesabu ng'ombe walioondoka katika nyumba tulizozitembelea, tulikuta ya kuwa si wachache walioondoka wazima, wenye mimba, katika umri wa uzao wa tatu, kwa sababu ndio waliokuwa na bei. Ng'ombe mwema huuzwa kwa kuwa ni mwema. Mbaya hubaki azae. Hapo umri wafupishwa na mkono wetu, na nasaba yaharibiwa siku ile ile. Hatusemi mtoto asisome. Twasema madume yauzwe kwanza, na mwenye ng'ombe mmoja aweke akiba kidogo kidogo katika fedha ya maziwa ya kila juma, ili Januari isimkute na kamba tupu mkononi.

Mzee wetu, kwa heshima zote, jibu la swali lako ndilo hili. Ng'ombe wa kwanza ulimnunua akiwa mgeni wa kupe. Wa pili, ulivyotueleza, alikuwa karibu damu tupu ya Friesian; alikuja Agosti, chini ya bati, majani yamekwisha. Mwuzaji alikuambia lita za mama yake, nawe ukafurahi. Hukumwuliza mama yake alizaa mara ngapi, na bibi yake yu wapi. Nasi wengine tusingeuliza. Ng'ombe wa jirani yako tulikwenda kumwona. Ni chotara, mamaye wa Kasulu, babaye hajulikani vema, umri wake kama miaka 13, amezaa mara tisa na sasa ana mimba. Anatoa lita sita, saba. Jirani amekubali kwamba ndama akiwa jike mtaongea.

Halmashauri yaomba kila mwanachama mwenye ng'ombe aanze daftari lenye safu hizi: tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, tarehe ya kila uzao, na siku ya kuondoka pamoja na sababu yake. Karani atayakusanya katika mkutano wa Juni. Asiye na daftari aandike katika karatasi yo yote, ila tarehe ziwe za kweli.